Mtikisiko wa Ubongo Kandandani: Aliyegongwa Asijiamulie

Kandanda ni mchezo wenye mvuto usiomithilika. Huwaleta pamoja wakwasi na wachochole, wakongwe na watoto. Huchezwa katika viwanja vyenye nyasi laini na vilevile katika vichochoro vya mitaa kwa mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba. Hata hivyo, mapenzi yetu kwa mchezo huu yameandamana na upofu fulani. Mchezaji akivunjika mguu, uwanja mzima hunyamaza. Machela huletwa mbio, na hakuna mkufunzi mwenye akili timamu atakayemwamrisha asimame aendelee. Mchezaji huyo huyo akigongwa kichwani, akaanguka kisha akainuka akipepesuka, humwagiwa maji ya baridi utosini, mashabiki wakampigia makofi na mchezo ukaendelea. Mguu umepewa heshima ambayo kichwa kimenyimwa.

Makala hii inanuia kutetea hoja moja. Mtikisiko wa ubongo ni jeraha kamili, sawa na kuvunjika kwa mfupa, na kwa sababu ya maumbile ya jeraha lenyewe, uamuzi wa kuendelea kucheza haufai kuachiwa yule aliyegongwa wala mkufunzi anayemhitaji. Palipo na shaka, mchezaji atoke na asirudi siku hiyo.

Je, mtikisiko wa ubongo ni nini hasa? Ubongo ni kiungo laini kilichomo ndani ya fuvu na kuzungukwa na majimaji. Kichwa kikigongwa ghafla, au kikizungushwa kwa kasi, fuvu husimama ilhali ubongo ungali unasonga. Nyuzi za neva huvutika, na kemia ya seli za ubongo huvurugika kwa muda. Ubongo basi haufanyi kazi yake sawasawa ijapokuwa hakuna damu iliyomwagika wala mfupa uliovunjika. Ndiyo sababu picha za kawaida zinazopigwa hospitalini aghalabu hazionyeshi chochote. Isitoshe, si lazima kichwa chenyewe kipigwe. Kumbo la kifuani au la mgongoni linalokirusha kichwa mbele na nyuma laweza kuleta athari iyo hiyo.

Hapa ndipo penye dhana potovu iliyoenea zaidi, kwamba mchezaji ambaye hakuzirai hana neno. Wataalamu wanasema kinyume. Wengi mno wa wanaopatwa na mtikisiko wa ubongo, takriban tisa kati ya kumi, hawapotezi fahamu kamwe. Dalili zao ni nyingine: kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu au kuona vitu viwili viwili, kuchukizwa na mwangaza na kelele, kujibu maswali polepole, kusahau yaliyotukia punde, kukasirika au kulia bila sababu. Baadhi ya dalili hizi huzuka papo hapo, na nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa, hata siku moja au mbili. Kwa hivyo mchezaji aweza kuinuka, akakimbia, akatoa pasi murua, na bado awe majeruhi.

Mfano ulio bayana ulitokea mbele ya macho ya ulimwengu mzima. Mnamo tarehe 13 Julai 2014, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Ujerumani ilipambana na Argentina katika fainali ya Kombe la Dunia. Katika dakika ya 17, kiungo wa Ujerumani, Christoph Kramer, aligongwa usoni na bega la mlinzi Ezequiel Garay. Alihudumiwa kidogo, akarejea uwanjani na kucheza kwa takriban dakika 14 zaidi. Refa wa mechi hiyo, Nicola Rizzoli wa Italia, alieleza baadaye kwamba Kramer alimwendea na kumwuliza iwapo mechi ile ndiyo iliyokuwa fainali. Refa alidhani ni mzaha. Alipong'amua kwamba kijana hatanii, alimjulisha Bastian Schweinsteiger, na hatimaye Kramer akatolewa katika dakika ya 31. Ujerumani ilishinda bao moja kwa nunge na kulitwaa kombe. Kramer mwenyewe alisema kuwa hakumbuki mengi ya mechi hiyo, nayo ndiyo mechi ambayo kila mchezaji duniani huiota.

Hebu tulitafakari tukio hili, msomaji. Madaktari wa mojawapo ya timu bora duniani walikuwapo. Kamera zisizohesabika zilikuwapo. Lakini aliyegundua kwamba mchezaji hajui aliko alikuwa refa, naye aligundua kwa sababu tu mchezaji mwenyewe aliuliza swali. Ingekuwaje lau Kramer angalinyamaza? Mtu aliyevunjika mguu huambiwa na maumivu yake kwamba amevunjika. Aliyetikisika ubongo amejeruhiwa katika kiungo kile kile ambacho kingemwambia. Mizani yenyewe imeharibika, itapimaje? Kumwuliza mchezaji wa namna hiyo kama anaweza kuendelea ni sawa na kumwuliza mlevi kama anaweza kuendesha gari. Jibu lake twalijua kabla hajafungua kinywa.

Katika mashindano yayo hayo ya mwaka 2014, Álvaro Pereira wa Uruguay aligongwa kichwani na goti la Raheem Sterling katika mechi dhidi ya Uingereza, akalala chini bila fahamu. Alipozinduka, daktari wa timu aliashiria kuwa abadilishwe. Pereira aliondoka pale kando ya uwanja kwa hamaki, akakataa katakata kutoka, na akaendelea kucheza. Daktari alishindwa na mgonjwa wake! Miaka minane baadaye nchini Qatar, tarehe 21 Novemba 2022, kipa wa Iran, Alireza Beiranvand, aligongana na mwenzake wa timu katika mechi dhidi ya Uingereza. Alitibiwa kwa dakika kadhaa, akaachwa aendelee, na muda mfupi baadaye akalala chini na kutolewa kwa machela. Kufikia wakati huo mashindano hayo yalikuwa tayari na kanuni iliyoruhusu mchezaji wa ziada kuingia mahali pa aliyetikisika ubongo. Timu isingepoteza chochote kwa kumtoa mara moja. Kanuni ilikuwapo, kilichokosekana ni mazoea ya kuitii.

Bara letu la Afrika halijasalimika. Mnamo tarehe 15 Juni 2018, winga wa Morocco, Nordin Amrabat, aligongwa vibaya katika mechi dhidi ya Iran kwenye Kombe la Dunia nchini Urusi, akapelekwa hospitalini. Ilitarajiwa kwamba angepumzika kwa angalau wiki moja. Baada ya siku tano tu alikuwa uwanjani dhidi ya Ureno akiwa amevaa kofia ya kukinga kichwa, kofia ambayo aliivua na kuitupa mechi ikiendelea. Mkufunzi wake, Hervé Renard, alimsifu kuwa mpiganaji aliyetaka kucheza. Kisha mnamo tarehe 25 Januari 2022, mjini Bafoussam nchini Cameroon, Sadio Mané wa Senegal aligongana kichwa kwa kichwa na kipa wa Cape Verde, Vozinha, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Wote wawili walianguka. Vozinha alionyeshwa kadi nyekundu. Mané aliendelea kucheza, akafunga bao katika dakika ya 63, na haukupita muda mrefu akalazimika kutoka na kupelekwa hospitalini kupimwa. Siku tano baadaye alicheza tena, na tarehe 6 Februari ndiye aliyefunga penalti iliyoipa Senegal ubingwa.

Mané ni shujaa, na ushindi wa Senegal ulikuwa fahari ya bara zima. Lakini ni funzo gani lililobaki katika akili ya mtoto aliyekuwa akitazama runinga kijijini? Alimwona mtu akigongwa kichwa, akisimama, akifunga bao na hatimaye akibeba kombe. Hakuona uchunguzi, hakuona tahadhari. Funzo alilolipata ni kwamba mwanamume hatoki.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na ndiyo sababu suala hili linafaa kujadiliwa katika jarida la wapenzi wa Kiswahili. Sikiliza maneno tunayoyatumia uwanjani. Aliyegongwa kichwa 'anaona nyota' au 'anaona vimulimuli', kana kwamba ameburudishwa kwa fataki. Mtangazaji husema 'amegongwa kidogo, atakaa sawa'. Mchezaji akirejea huku akiyumba, huambiwa kuwa 'amejikaza kisabuni', 'amejifunga kibwebwe', au kwamba yeye ni 'dume kamili'. Anayeomba kutoka huitwa mwoga. Hata methali yetu mashuhuri inaonya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La kichwa halikutajwa.

Sisemi kwamba lugha ya ujasiri itupiliwe mbali. Timu iliyofungwa mabao matatu kufikia wakati wa mapumziko inahitaji kuambiwa ijikaze. Mchezaji aliyechoka katika dakika za lala salama anahitaji kukumbushwa kuwa heri kufa macho kuliko kufa moyo. Uchovu hushindwa kwa moyo. Lakini ubongo uliojeruhiwa hauponi kwa kuhimizwa. Tunapotumia maneno ya uchovu kulielezea jeraha, tunamnyima majeruhi hata nafasi ya kujijua kuwa ni majeruhi. Wahenga waliona mbali waliposema kuwa mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Usaha wenyewe ni upi? Kwanza kuna hatari ya pigo la pili. Ubongo ambao haujapona ukigongwa tena, hata kwa pigo hafifu, unaweza kufura kwa kasi isiyozuilika. Mnamo Januari 2011, mvulana wa miaka 14 alifariki baada ya mechi ya raga ya shule mjini Carrickfergus, Ireland Kaskazini. Alikuwa amegongwa zaidi ya mara moja, akahudumiwa na kuruhusiwa kuendelea hadi akaanguka mwishoni mwa mechi. Uchunguzi rasmi uliokamilishwa mwaka 2013 ulibaini kuwa alikufa kwa sababu ya pigo la pili kuufikia ubongo uliokuwa bado haujapona. Ni kweli kuwa ile ilikuwa raga, na ni kweli kuwa vifo vya aina hii ni nadra. Lakini ubongo haubagui mchezo, na walioripotiwa kufa hivyo wengi wao ni vijana. Kifo ambacho kingezuiwa kwa kumketisha mtoto kwenye benchi ni kifo kimoja zaidi ya kile tunachoweza kukivumilia.

Pili, kuna madhara ya miaka mingi. Jeff Astle alikuwa mshambulizi wa West Bromwich Albion na timu ya taifa ya Uingereza, aliyesifika kwa ustadi wa kuupiga mpira kwa kichwa. Alifariki Januari 2002 akiwa na umri wa miaka 59, baada ya kupotewa na kumbukumbu kiasi cha kutoutambua ulimwengu wake. Afisa aliyechunguza kifo chake aliamua kuwa kilitokana na kazi yake, yaani kuupiga mpira kwa kichwa mara kwa mara. Mwaka 2019, watafiti wa Glasgow wakiongozwa na daktari Willie Stewart walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wachezaji 7,676 wa zamani wa kulipwa nchini Uskochi. Waligundua kuwa uwezekano wa wachezaji hao kufa kutokana na magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo ulikuwa takriban mara tatu na nusu ukilinganishwa na watu wengine wa rika lao. Utafiti wa mwaka 2021 uliotokana na kundi lilo hilo ulionyesha kuwa walinzi, ambao huupiga mpira kwa kichwa mara nyingi, ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi, ilhali makipa hawakutofautiana sana na watu wa kawaida.

Haifai kutia chumvi. Watafiti hao hao walibaini kuwa wachezaji wa zamani walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa kwa maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Kandanda ina manufaa makubwa kwa mwili. Aidha, tafiti hizo zinahusu maisha marefu ya mchezo wa kulipwa, wala hazisemi kwamba mtu aliyegongwa mara moja amekwisha. Wengi wa wanaotikisika ubongo hupona kabisa, watu wazima kwa kawaida katika muda wa wiki mbili hivi, na watoto na vijana katika muda wa hadi wiki nne. Hapa hasa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Jeraha hili hupona likipewa nafasi ya kupona. Tunachoombwa kutoa ni siku chache za subira, nasi tunazinyima.

Ulimwengu umeanza kuzinduka, japo kwa mwendo wa kobe. Katika raga, mchezaji wa kulipwa anayeshukiwa kuwa ametikisika ubongo hutolewa kwa muda ili apimwe faraghani huku mwingine akishika nafasi yake, na katika ngazi za chini kanuni ni kwamba akishukiwa hutoka na harudi. Katika kandanda, bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mchezo iliidhinisha mwishoni mwa mwaka 2020 majaribio ya mchezaji wa ziada wa kudumu kwa aliyetikisika ubongo. Tangu Julai 2024, utaratibu huo umeingizwa katika sheria kama jambo ambalo mashindano yoyote yanaweza kuchagua kulitumia. Bodi hiyo ilikataa mnamo Januari 2023 ombi la kujaribu mabadiliko ya muda kama yale ya raga. Marekani ilitangaza mwaka 2015 kuwa watoto wa miaka 10 na chini wasiupige mpira kwa kichwa, na Uskochi ikapiga marufuku mazoezi ya kichwa kwa walio chini ya miaka 12 mnamo mwaka 2020. Mnamo Septemba 2024, Shirikisho la Kandanda Duniani na Shirika la Afya Duniani yalizindua kampeni ya pamoja kuhusu suala lili hili, ujumbe wake mkuu ukiwa kwamba hakuna mechi inayostahili kuhatarishiwa ubongo.

Turejee nyumbani. Kitalu cha kandanda nchini Kenya ni mashindano ya shule za upili, yale yaliyozipa shule kama Kakamega na Musingu sifa zilizovuka mipaka. Mashindano haya yana sura mbili ambazo zinalifanya jeraha hili kuwa hatari zaidi. Kwanza, mechi nyingi hupangwa katika siku chache, hivyo kijana aliyegongwa Jumatano aweza kutakiwa uwanjani Alhamisi. Pili, aliye kando ya uwanja aghalabu si daktari bali ni mwalimu mwenye sanduku la huduma ya kwanza, chupa ya maji na mzigo wa kuiletea shule yake kombe. Mwanafunzi naye anajua kwamba huenda siku hiyo ndiyo atakapoonwa na klabu kubwa au kupata ufadhili wa karo. Tukimwachia yeye uamuzi, tumemwekea mizigo miwili: kichwa kisichofikiri sawasawa, na kila sababu ya kusema uongo.

Kisha kuna darasa. Mtikisiko wa ubongo hauishi kipenga cha mwisho kinapopulizwa. Kijana hurudi shuleni akiwa hawezi kusoma ukurasa mmoja bila kuumwa na kichwa. Maandishi ubaoni humchosha, kelele za bweni humkera, usingizi humpaa usiku na kumvamia mchana. Mwalimu asiyejua atamwita mvivu, na kiranja atamwita mjeuri. Kwa mwanafunzi wa kidato cha nne, wiki tatu za namna hiyo si jambo dogo. Mwongozo wa wataalamu uliokubaliwa Amsterdam mwaka 2022 na kuchapishwa mwaka uliofuata unasisitiza kuwa mwanafunzi arudishwe masomoni hatua kwa hatua, na kwamba masomo yatangulie kabla ya mechi. Siku moja au mbili za kwanza ni za kupumzika, si kwa kufungiwa gizani bali kwa kupunguza kazi na kutazama skrini. Baadaye hufuata matembezi, mazoezi mepesi, mazoezi bila kugusana, na mwisho kabisa mechi. Dalili zikizidi, anarudi hatua moja nyuma.

Zipo pingamizi, nazo zinastahili kujibiwa. Wapo watakaosema kuwa tahadhari hii itawapa wadanganyifu mwanya wa kupoteza muda na kuongeza wachezaji. Yamkini wapo watakaojaribu. Lakini anayetolewa kwa sababu ya kichwa haruhusiwi kurudi, na ni nani atakayejitoa mwenyewe mechini kwa hila? Wengine watasema kuwa hatuna madaktari wala mashine. Jibu ni kuwa jeraha hili halitambuliwi kwa mashine. Hutambuliwa kwa macho, masikio na maswali machache. Hata daktari bingwa huanza papo hapo. Uchache wa madaktari si sababu ya kuendelea kucheza. Ni sababu ya kutoka upesi zaidi, kwa kuwa hatuna wa kutuhakikishia kuwa mambo ni shwari. Wengine watahoji kuwa tutawalea vijana kama mayai. La hasha! Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kijana anayekosa mechi mbili leo ana miaka kumi na mitano ya kucheza mbele yake.

Nini basi kifanywe? Ninapendekeza mambo manne yasiyogharimu fedha nyingi.

La kwanza, kila mashindano ya shule na ya vitongojini yawe na kanuni iliyoandikwa: anayeshukiwa kutikisika ubongo atoke, asirudi siku hiyo. Nchini Uingereza, mwongozo wa mwaka 2023 wa michezo ya ngazi za chini unasema asicheze mechi ya ushindani kabla ya siku 21 kutimia. Nasi tunaweza kuanza na muda kama huo. Refa tayari ana mamlaka ya kusimamisha mchezo na kuhakikisha aliyejeruhiwa vibaya ametolewa. Ayatumie.

La pili, uamuzi huo apewe mtu ambaye hana kombe la kupoteza: mwalimu wa shule nyingine, muuguzi, au afisa wa mashindano aliyefunzwa. Mkufunzi na mchezaji wasikilizwe, lakini wasiwe na kauli ya mwisho.

La tatu, kila aliye kando ya uwanja ajue dalili za kumkimbiza majeruhi hospitalini bila kukawia: kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, usingizi usio wa kawaida, degedege, udhaifu wa mikono au miguu, maumivu ya shingo, au mboni za macho zisizolingana. Asiachwe peke yake saa za mwanzo, wala asipelekwe bweni na kusahauliwa.

La nne linatuhusu sisi moja kwa moja. Kuna maswali mepesi ambayo hutumika kuipima akili ya mchezaji aliyegongwa, yanayofahamika kama maswali ya Maddocks na ambayo yalifanyiwa majaribio kwanza miongoni mwa wachezaji wa kandanda ya Australia. Kwa Kiswahili ni haya: Tuko katika uwanja gani? Hiki ni kipindi cha ngapi? Ni nani aliyefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Je, mlishinda? Anayekosea hata moja atoke, ingawa kuyajibu yote si hakikisho la uzima. Sasa fikiria kijana wa Garissa au wa Kwale anayeulizwa maswali haya kwa Kiingereza na mgeni mwenye haraka. Akisitasita, nani atajua kama kilichoteleza ni ubongo au ni lugha? Akijibu 'yes' kwa kila kitu, nani atajua kuwa hakuelewa? Kipimo kinachotegemea lugha lazima kifanywe katika lugha ambayo mpimwa huiotea ndoto. Ipo kadi fupi ya kimataifa ya kutambua dalili za jeraha hili, iliyotayarishwa kwa ajili ya watu wasio madaktari. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vina uwezo wa kushirikiana na wenzetu wa vitivo vya tiba kuieneza kadi ya aina hiyo kwa Kiswahili sanifu na chepesi, ibandikwe katika kila chumba cha kubadilishia mavazi. Istilahi si pambo la makongamano. Istilahi iliyoeleweka kando ya uwanja yaweza kuokoa maisha.

Mnamo Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja idhini ya kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Tangu hapo tumezungumza sana kuhusu viwanja, viti, taa na barabara. Hayo yote ni muhimu. Lakini viwanja vitajazwa na wachezaji, na wachezaji hao leo wako shuleni, wakiruka kuupiga mpira wa kona katika uwanja wa vumbi. Mmoja wao atagongwa wiki hii. Atainuka, atajipangusa vumbi, na kusema kuwa yuko sawa. Tusimwamini. Tumpokee kwa upole, tumketishe, tumwulize maswali yale matano kwa lugha anayoielewa, na tumwambie kuwa leo amecheza vya kutosha.